Kigari Kando ya Mapipa

Kigari kilikuwa kizito kuliko mtoto na mama yake wakiwekwa pamoja. Jannie alikishusha ngazi kinyumenyume, gurudumu moja baada ya jingine, Silje akiwa amefungwa kifuani kwa shali, na kila kigari kilipogonga ngazi shali ilimkata shingo. Kilikuwa kigari cha zamani, cha chuma, kilichokwisha kubeba watoto wa watu asiowajua, na breki yake ilikuwa kipande cha kamba. Chumba cha kuwekea vigari chini ya jengo kilikuwa kimejaa maji tangu mvua za Oktoba. Kampuni ya nyumba ilibandika mlangoni tangazo la kuomba radhi, na sasa hata tangazo lenyewe lilikuwa limeota ukungu.

Mama yake, Conny, aliishi ghorofa ya kwanza katika jengo lile lile. Alifungua mlango, sigara mdomoni, akamtazama mwanawe anavyohangaika.

"Unakwenda wapi na hilo lori?"

"Kikundi cha akina mama. Nimechelewa."

"Cha kula keki."

"Si keki tu, mama."

"Mimi nilikulea bila keki."

"Na wakanichukua," Jannie alisema, kisha akajuta. Conny alivuta moshi, akatoka na ndara zake kwenye baridi, akashika upande wa pili wa kigari. Walikifikisha chini.

Walimchukua kweli. Jannie alipokuwa na miaka saba manispaa ilimwondoa kwa Conny ikampeleka kwa watu wenye shamba la farasi, watu ambao hawakuwa wabaya wala wazuri, na alipoanza kuwazoea ikamrudisha. Tangu hapo jina lake limo kwenye kompyuta zao. Mwaka uliopita, tumbo lilipoanza kuonekana, kiwanda cha samaki alikokuwa akikata minofu hakikumpa mkataba mpya. Kenneth, baba wa mtoto, akapata kazi kwenye meli za Norwei na simu yake ikaacha kuita. Hayo yote Jannie aliyameza. Jambo moja tu lilimkosesha raha: kwamba siku moja watakuja kumchukua Silje kama walivyomchukua yeye. Hanne, nesi wa watoto, alimwambia bila kuzunguka, "Nenda kwenye kikundi, Jannie. Ukionekana unachangamana na wenzako, inasaidia."

Basi alikuwa anakwenda kuonekana.

Huku kwetu Denmark ukizaa hukai bure. Nesi anakuja nyumbani, anampima mtoto, kisha anakutia kwenye kikundi cha wanawake waliozaa siku zile zile, eneo lile lile. Huchagui, unapangiwa. Kila wiki mnakutana kwa mmoja wenu, mnakula skonzi za iliki zilizopakwa siagi nene, mnaulizana nani analala na nani halali. Watoto wenyewe wako nje kwenye vigari, wamefunikwa mpaka puani, iwe jua iwe theluji. Mtoto wa huku halali ndani mchana. Ukimlaza ndani watu watakuuliza kama ana homa.

Eneo la Jannie lilikuwa na bahati mbaya ya kugawanywa na barabara moja. Upande huu majengo ya Tjørnehaven, yenye ngazi zinazonuka sabuni ya sakafu na kabichi. Upande ule, juu ya kilima, nyumba zenye madirisha makubwa yanayotazama ghuba. Katika kikundi cha watu watano Jannie peke yake alitoka upande huu.

Na kule juu ndiko alikokaa Amalie Thorlund, mwenye ukurasa wa mtandaoni uitwao Mama Bila Poda. Poda alikuwa nayo, tena si haba, ila ile ya bei mbaya inayopakwa ili mtu aonekane hajapaka. Wafuasi wake walikuwa wengi kuliko wakazi wa mji wetu. Aliwaandikia habari za uchovu mtakatifu, nywele kukatika, na uji wa shayiri uliopikwa kwa subira. Mwanawe Vilfred alivishwa sufu ya rangi ya udongo siku zote, na kwenye ukurasa ule mtoto hakuwahi kuwa na kamasi. Mama mwenyewe alilia, naam, alilia sana, lakini alilia upande wa dirishani penye mwanga mzuri.

Januari ile, Jannie alipofika juu akitweta, vigari vingine vinne vilikuwa vimeshapangwa mstari mmoja kibarazani. Vyote rangi ya mchanga. Vyote vya duka moja. Amalie alikuwa amechuchumaa mbele ya vigari na simu.

"Jannie, mpenzi! Karibu. Hebu sogeza chako kidogo. Pale, nyuma ya banda."

"Kwa nini?"

"Si kwa ubaya, jamani. Ni mwanga tu. Hicho chuma kinarudisha mwanga, kinaniharibia picha."

Jannie akamlaza Silje, akakisogeza nyuma ya banda, akaifunga kamba kwenye nguzo. Alitoka mara tatu kuchungulia kama mtoto hajapigwa na upepo huku wenzake wakiendelea kutafuna. Jioni, akiwa nyumbani, aliiona picha ile kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Vigari vinne kwenye theluji. *Watoto wanalala, na sisi tunapumua.* Chini yake watu walimwaga alama za moyo. Hewa safi! Ndivyo tulivyolelewa! Oh, huo ndio umama! Hata Jannie, mjinga wa watu, alibonyeza moyo.

Kufika Machi Amalie alikuwa na tatizo. Alilieleza kikundini, skonzi mdomoni.

"Wale wa sabuni ya kufulia wanaonilipa kwa matangazo wanasema watu wamechoka na nyumba nzuri. Wanataka uhalisi. Sasa mimi nimekaa, nikajiuliza, jamani, nani halisi kuliko mimi?"

"Hakuna," alisema Signe, daktari wa meno, ambaye kazi yake kikundini ilikuwa kumkubalia Amalie.

"Eti nionyeshe mapambano. Mapambano gani tena? Nimeonyesha mpaka chuchu zilizochanika!"

Wakacheka wote. Jannie naye alicheka. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kuwapokea.

Alipiga deki mara mbili. Nguo hakuweza kuzificha, maana mashine ya kukaushia nayo ilikuwa chini kwenye maji, hivyo kamba zilipita sebule nzima na nguo za mtoto zikaning'inia juu ya viti. Conny alileta kichupa cha iliki, akakiweka mezani kama mtu aliyekisahau pale, akaondoka. Skonzi zikaumuka vizuri. Jannie alizitazama kwenye oveni kwa furaha ya kweli.

Vigari havikuweza kupandishwa ghorofa ya tatu. Wakavipanga uani chini ya dirisha lake. Sehemu kubwa ya ua ilikuwa imezibwa na mbao na vyuma vya mafundi waliokuwa hawajaonekana tangu Krismasi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya kando ya mapipa ya taka. Vigari vitano, watoto watano wamelala. Kila mama akapanda na kiredio chake cha kumsikilizia mtoto, vikawekwa mezani katikati ya sahani. Vyote vikatoa pumzi za watoto.

Amalie alisimama mlangoni akaitazama sebule. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia dukani akakuta kitu alichokuwa akikitafuta mwezi mzima.

"Jannie," alisema kwa sauti ya chini, "huu ni ujasiri."

"Upi?"

"Huu. Wote." Akanyoosha mkono, ukapita kwenye kamba, ukuta wenye doa la maji, na chupi mbili za Jannie alizozisahau kuziondoa.

Siku ile Amalie hakukaa na Signe. Alikaa karibu na Jannie, goti kwa goti, akamuuliza analalaje, anakula nini, nani anamsaidia. Hakuna mtu kikundini aliyewahi kumuuliza mambo hayo. Jannie akavikwa kilemba cha ukoka na akakivaa. Akasema kwamba siku nyingine hujifungia chooni dakika chache, akafungulia bomba, akalia humo ili Silje asisikie. Akasema wiki za mwanzo aliogopa kumshika mtoto asije akamwangusha. Yalikuwa maneno yale yale aliyoyasema Signe mwezi uliopita. Signe alikumbatiwa na kuongezewa chai.

"Naweza kuandika kidogo?" Amalie aliuliza, mkono wake juu ya mkono wa Jannie. "Uso hautaonekana. Jina sitaji. Hujui utawasaidia wanawake wangapi."

"Mimi?"

"Wewe, mpenzi."

"Haya. Andika," Jannie alisema. Masikio yalimwaka moto kwa kusifiwa.

Amalie ndiye aliyetangulia kushuka. Jannie, akikusanya vikombe, alimwona kwa dirisha anakivuta kigari cha Vilfred hadi nyuma ya banda la baiskeli, kisha cha Signe, kisha vile vingine viwili. Akadhani anawapisha wenzake njia. Halafu Amalie akachuchumaa kwenye theluji mbele ya kigari cha chuma. Jannie hata alimpungia mkono.

Kesho yake asubuhi Conny alipanda ngazi bila viatu.

"Umeona?"

"Nini?"

"Huyo mwanamke wako wa kilimani. Huyo hata akipiga chafya anajipiga picha. Tazama!"

Kigari cha zamani peke yake kwenye theluji chafu. Breki ya kamba. Nyuma yake mapipa, moja limefunguka mdomo. *Jana nilikutana na mama mmoja. Sitamtaja. Mtoto wake analala hapa. Yeye yuko juu, ghorofa ya tatu. Siku nyingine anajifungia chooni na kufungulia bomba. Anaogopa kumshika mtoto wake mwenyewe. Sikumhukumu. Nililia njia nzima. Tukumbatiane, akina mama.* Na mwishoni, kwa wanaotaka kuanza upya na nguo safi, punguzo la sabuni.

Kwa nini anajifungia chooni hakuandika. Kwamba hofu ile ilikuwa ya wiki za mwanzo hakuandika. Kwamba Vilfred alikuwa amelala hatua chache kando, nyuma ya banda, hilo ndilo hasa hakuliandika.

Chini yake wasomaji walikuwa wamekwisha kuamka. *Mtoto kando ya takataka?? Maskini malaika. Watu wengine wangefungwa uzazi. Amalie, una moyo wa dhahabu.* Mmoja akaandika: *Hapo ni Tjørnehaven, nayajua hayo mapipa.* Mwingine: *Nimeshatoa taarifa manispaa. Na wewe toa.* Huku kwetu yeyote akimtilia shaka mzazi anaweza kutoa taarifa, wala si lazima ataje jina lake. Ni kubonyeza tu. Waliompa Amalie moyo waliipelekea manispaa taarifa kwa kidole hicho hicho, wakanywa kahawa yao wakijiona wamefanya wema.

"Futa," Jannie alisema. "Mwambie afute."

"Nimemwandikia."

"Amesemaje?"

"Amenifungia," Conny alisema. "Mimi bibi wa mtoto! Amenifungia mlango wa mtandao wake, mshenzi mkubwa."

Ofisa wa manispaa alikuja mwisho wa wiki. Huku kwetu hakuna bwana wala bibi, hata anayekuja kukuchukulia mtoto unamwita kwa jina lake la kwanza. Huyu aliitwa Ulla. Alikuwa na sauti ya upole na soksi nene alizokuja nazo mkobani ili asichafue sakafu, au sakafu isimchafue.

"Tumepokea taarifa nyingi, Jannie."

"Ni picha moja."

"Taarifa ni nyingi."

"Ni watu wengi walioona picha moja!"

"Na kila taarifa tunaichukulia kwa uzito wake." Ulla akafungua kompyuta yake ndogo. "Mtoto alikuwa nje peke yake?"

"Walikuwa watano. Wote wamelala. Mama zao walikuwa hapa, wamekaa hapo ulipokaa wewe, wanakula skonzi zangu."

"Kwenye picha yuko mmoja."

"Amevisogeza vingine."

"Nani?"

"Amalie. Huwa anasogeza vigari. Kwa ajili ya mwanga."

Ulla aliandika. Alichukua muda kuandika.

"Huwa unahisi watu wanakupangia mambo, Jannie? Mara kwa mara?"

Jannie akamvuta mtoto karibu zaidi. Silje alikuwa mapajani mwake, mnene, mashavu mekundu, ananyonya pindo la blanketi. Ulla hakumtazama sana.

"Na hili la kujifungia chooni?"

"Kila mama hulia chooni."

"Hatuzungumzii kila mama. Tunakuzungumzia wewe. Wewe mwenyewe uliwahi kulelewa nje ya nyumbani."

"Miaka miwili. Ninyi ndio mlionipeleka."

"Ndiyo maana kwako tunakuwa waangalifu zaidi."

"Hanne anampima kila mara! Muulizeni Hanne. Mtoto anakua vizuri."

"Hanne ameandika hivyo, na tumesoma," Ulla alisema. "Lakini Hanne anapima kilo. Sisi tunaangalia uhusiano." Akafunga kompyuta. "Wenzako wakithibitisha kwamba watoto wao walikuwepo pale, itakuwa jambo zuri sana kwako. Waambie waniandikie. Kabla ya kikao cha manispaa cha Alhamisi."

Jannie akawapigia. Wawili hawakupokea. Signe alituma ujumbe: *Nakuwaza sana. Ila kwa sasa nahitaji utulivu kwa ajili ya maziwa.* Jannie aliusoma mara ya pili kuhakikisha kwamba ni neno maziwa ameona. Akamfunga Silje kifuani, akavuka barabara, akapanda kilima kwa miguu.

Amalie alifungua mlango nusu. Macho yalikuwa yamevimba. Nyuma yake taa ya kusimama, ya mviringo, ile ya kupigia video, ilikuwa inawaka.

"Jannie. Umenishtua. Tulikuwa hatujapanga."

"Sitakaa. Nataka umwandikie Ulla wa manispaa kwamba Vilfred alikuwa pale na wenzake wote. Sentensi moja tu."

"Ingia kwanza, baridi." Hakusogea mlangoni. "Umeisoma lakini? Niliandika sikumhukumu. Niliandika kabisa. Nimekutetea mbele ya watu wote wale!"

"Wanataka kunichukulia mtoto."

"Hapana. Hawafanyi hivyo huku. Wanataka kukusaidia."

"Amalie. Vigari vilikuwa vitano."

"Ndiyo, lakini..." Amalie alishusha sauti. "Nikisema leo vilikuwa vitano, watu watasema niliwadanganya. Unaelewa? Ukurasa wangu umejengwa juu ya uaminifu. Nimesaini na watu wa sabuni mpaka Krismasi. Na mimi pia ni mama, Jannie. Nina mtoto."

"Na mimi nina nani huyu?" Jannie alisema, akiifungua shali ili uso wa Silje uonekane. "Huyu ni nani, mwanasesere? Ulikula skonzi zangu. Ulinishika mkono. Sogeza tena vile vigari, malaya wewe, virudishe vilipokuwa!"

Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake inavyopasuka. Silje akaanza kulia. Amalie alirudi hatua nyuma, akamtazama mtoto analia, halafu mama yake, na usoni pake kikapita kitu kama nafuu.

"Unaona?" alisema taratibu. "Unamtisha mtoto."

Akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa karatasi wenye nguo za Vilfred za sufu, zile zilizokwisha kumbana, akauning'iniza kwenye mkono wa Jannie kwa sababu Jannie hakuupokea. Mlango ukafungwa kwa adabu. Kabla Jannie hajafika chini ya kilima Mama Bila Poda alikuwa ameweka video. Alisema leo ameumizwa na mtu aliyemfungulia moyo. Alizungumzia mipaka. Alilia, dirishani.

Alhamisi kikao kikakaa bila neno lolote kutoka kilimani. Jannie alipewa nafasi ya kusema, akasema vigari vilikuwa vitano, na watu waliozunguka meza wakaitikia kwa vichwa, kwa huruma, namna watu wanavyomwitikia mgonjwa. Ulla akataja tukio la kupiga kelele mlangoni kwa watu, lililoripotiwa na waliotazama video ile. Ikaamuliwa Silje akae kwa familia ya kumlea, kwa muda, mpaka uchunguzi ukamilike. Jannie akauliza muda huo ni upi. Wakamwambia swali hilo ni zuri.

Walimruhusu amvalishe mwenyewe, maana ni vizuri kwa mtoto. Akamvalisha. Hakulia, kwa sababu hakujua kama kulia kungeandikwa kuwa ni uhusiano au ni udhaifu. Vifungo vya mwisho Ulla alivimalizia.

Conny ndiye aliyelia. Alisimama mlangoni mwake ghorofa ya kwanza, ngazi nzima wakamsikia.

"Mnachukua mara ya pili kwenye tumbo moja! Tumbo langu ni ghala lenu?"

"Tunaelewa hasira yako, Conny," alisema Ulla, na kiti cha gari cha mtoto mkononi.

"Huelewi kitu! Vua hizo soksi kwanza, nguruwe wewe!"

Ulla hakugeuka. Jannie alibaki juu akiwa ameshika kofia ya Silje iliyosahauliwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamwelewa mama yake mpaka mwisho.

Alipewa saa moja kwa wiki. Familia ya kulea ilikaa mbali, ng'ambo ya ghuba, mabasi mawili na mwendo wa miguu. Ulla alikuwa huko kila mara, mezani, na kompyuta yake, kwa kuwa mama hakuruhusiwa kukaa na mtoto bila kuangaliwa. Safari ya kwanza Silje alimchekea. Ya pili alimtazama kwanza Lisbet, mama mlezi, ndipo akamchekea. Safari ya tatu, siku theluji ya mwisho ya Aprili ilipoanguka wakati hakuna tena aliyeitaka, Jannie alikuja mbio kutoka kituoni, kofia ya Silje mfukoni, maziwa yamemlowanisha kifua kwa sababu alikuwa bado anakamua asubuhi na jioni ili yasikauke.

Lisbet alimfungulia. Alikuwa mwanamke mwema. Nyumba ilinukia mkate.

"Karibu, Jannie. Taratibu na mlango, tafadhali. Kamelala."

"Kamelala wapi?"

"Nje. Pale chini ya mti."

Jannie akatazama dirishani. Kule mwisho wa bustani, chini ya mtufaha usio na jani, kigari cha rangi ya mchanga kilikuwa kimesimama peke yake. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya kifuniko chake. Hapakuwa na mtu.

"Sisi tunawalaza nje daima," Lisbet alisema, akimimina kahawa. "Hata baridi ikiwa kali. Analala kama gogo! Ni hewa safi."

"Ni afya," alisema Ulla.

"Naenda kumchukua," Jannie alisema.

"Oh, hapana, usimwamshe. Akikatizwa usingizi anaharibikiwa siku nzima. Ataamka mwenyewe."

"Nina saa moja tu."

Lisbet akamtazama Ulla. Ulla akapandisha nyusi zake kwa huzuni ya kikazi. "Tunafuata ratiba ya mtoto, Jannie. Mama mzuri anaweza kusubiri."

Akakaa. Juu ya meza, kati ya vikombe na siagi, kilikuwepo kiredio cha kumsikilizia mtoto. Alikivuta kwake. Lisbet alisema skonzi zimetoka sasa hivi, zina iliki. Jannie hakula. Aliweka kiredio sikioni, akasikia pumzi ya Silje ikiingia na kutoka, na ule mkoromo mdogo wa pua aliokuwa nao tangu kuzaliwa, na kila alipousikia maziwa yalimchuruzika ndani ya sweta asiweze kuyazuia. Ulla aliandika. Kahawa ikapoa. Mara moja pumzi ilibadilika, Jannie akasimama nusu, mtoto akajigeuza, akaendelea kulala.

Saa ikaisha.

"Pole, jamani," alisema Lisbet mlangoni, na alimaanisha. "Wiki ijayo labda. Usijali, nitakutumia picha."

Jannie alipita kwenye njia ya bustani. Kati yake na kigari kulikuwa na uzio mdogo, wa kuruka tu. Ulla alikuwa amesimama kibarazani nyuma yake, anasubiri aondoke. Simu ikatetemeka mfukoni kabla hajafika kwenye geti.

Ilikuwa picha nzuri. Kigari kimoja, theluji, mti, mwanga. Lisbet alikuwa ameongeza moyo.

Jannie aligeuka. Ulla alikuwa bado anamtazama, kompyuta kwapani, na ushirikiano wa mzazi nao huandikwa. Basi akavua glovu, akainua simu juu kidogo ili ionekane, akabonyeza moyo.